Nimeitwa kazini mahali pawili, serikalini na kwenye shirika la hisani: niende wapi?

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mhasibu, nina miaka 29. Nilianzia kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu, nikakaa miaka mitatu, kisha nikahamia kampuni ya biashara ambako nipo hadi leo. Mitihani ya bodi ya wahasibu niliimaliza mwaka juzi. Kila mwezi nafunga hesabu, nasuluhisha hesabu zetu na za benki, naandaa taarifa. Wenye hisa wanatazama mstari wa mwisho; faida ikipanda wanafurahi, ikishuka tunaitwa. Sina ugomvi na mtu. Ila mwaka huu nimejikuta najiuliza hizi hesabu ninazofunga zinamfaa nani.

Nilipokuwa kwenye ukaguzi tulitumwa kukagua zahanati ndogo ya hisani. Dawa kwenye kadi za stoo hazikulingana na daftari la kutolea dawa, na kila mtu alikuwa ameshamnyooshea kidole mtunza stoo. Nilikaa na makaratasi yale Jumamosi yote na Jumapili yote. Jumapili jioni nikaona: mtunza stoo alikuwa anaandika kwa makopo, muuguzi anaandika kwa vidonge, na aliyejumlisha alitumia idadi ya vidonge vya kopo la zamani, wakati makopo mapya yana vidonge vichache zaidi. Hakikupotea kitu. Yule mzee alinishika mikono yote miwili, maneno yakamshinda. Tangu siku hiyo sijapata siku nyingine kama ile kazini.

Basi nikaomba kazi sehemu mbili, na kote nimepata. Ya kwanza ni ukaguzi wa ndani katika idara ya serikali. Ajira ya kudumu, pensheni ipo, mshahara umepungua kidogo kuliko wa sasa. Ya pili ni meneja wa fedha katika shirika la hisani. Cheo kikubwa, mshahara mzuri, lakini mkataba ni wa miezi 18 na unategemea ruzuku ya mfadhili mmoja. Nina wadogo zangu wawili ninaowasomesha. Waajiri wote wawili wananitaka nijibu ndani ya wiki mbili.

Baba yangu ni mtumishi wa umma mstaafu. Kasema neno moja tu: "Serikali haifi." Bosi wangu wa sasa kanionya kwamba popote nitakapokwenda kati ya hapo sitarudi tena, kwa sababu kule hakuna faida, na mhasibu akikaa miaka mitatu bila kuandika faida anageuka karani.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni kitu kingine. Kwenye usaili wa lile shirika, mkurugenzi aliniambia: "Sisi hapa ni familia. Mradi mmoja ukikaukiwa, mwingine unaubeba mpaka fedha ziingie. Tunataka mhasibu anayeelewa hilo." Nikaitikia kwa kichwa. Sikuuliza hata swali moja. Nilipofika nyumbani nikaanza kujiuliza nimekubali nini. Au nahangaika bure, ndivyo mashirika yanavyoendeshwa?

Nisaidie.

Mhasibu wa Njia Panda

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kile kichwa ulichomwitikia nacho mkurugenzi, maana naona kinakunyima usingizi kuliko mshahara na mkataba. Kumwitikia mtu anayekusaili si kusaini hati ya malipo. Hujahamisha hata senti ya mtu. Ulisikia jambo hukulipata vizuri, ukaogopa kuonekana mgeni, basi. Lakini wala huhangaiki bure. Sikio lako limesikia sawasawa. Maneno yale ya mkurugenzi yana maana mbili, moja halali kabisa na nyingine mbaya, na kazi yako kabla wiki mbili hazijaisha ni kujua yeye alikusudia ipi. Nitakuonyesha namna.

Kwanza nimalizane na bosi wako, kwa heshima zote. Anachokizungumzia hajakifanya. Kwenye biashara faida inamrahisishia mhasibu kazi, kwa kuwa ni namba moja inayojibu maswali mengi kwa mpigo: tumetumia vizuri, wateja wameridhika, kesho tupo. Ukiiondoa namba hiyo maswali yanabaki palepale, sasa unayajibu moja moja.

Chukua serikali. Katika kampuni yenu bajeti ni mpango. Ukiizidi na mauzo yakapanda, unapongezwa. Serikalini bajeti ikishapitishwa na bunge ni sheria. Fedha ya fungu la barabara ni ya barabara. Mkuu wa idara akitaka kuitumia kununua magari, hata kama magari yanahitajika kwelikweli, lazima kipatikane kibali cha kuhamisha kutoka kwa mwenye mamlaka hayo, vinginevyo aliyeidhinisha na aliyelipa wote wana la kujibu. Kisha kuna ahadi za malipo, jambo ambalo wahasibu wanaotoka kwenye biashara hujikwaa nalo. Idara ikishatoa oda, fedha ile imeshafungwa ingawa ankara haijaja. Asiyeandika ahadi anatazama fungu, anaona bado lina fedha, anaagiza kingine. Ankara zote mbili zikifika, fungu linatosha moja. Madeni ya wakandarasi yanayorithishwa mwaka hadi mwaka mara nyingi yalizaliwa hivyo, bila mtu kuiba chochote.

Na katika nchi nyingi fedha isiyotumika mwaka ukiisha inarudi hazina. Kwa hiyo wiki za mwisho za mwaka wa fedha vocha zinamiminika, bidhaa zinapokelewa kwenye karatasi kabla hazijapokelewa stoo, na mkaguzi wa ndani anayeijua kazi yake anakuwa amesimama mlangoni kwa stoo, si ofisini.

Ongeza hapo maswali ambayo kampuni yenu haijawahi kukuuliza. Daraja lililojengwa miaka 40 iliyopita unaliandika kwa thamani gani? Kodi ya raia, ambaye hakununua kitu kwako, unaitambua kuwa mapato siku gani? Kuna viwango vizima vya kimataifa kwa ajili ya mambo hayo, Viwango vya Kimataifa vya Uhasibu katika Sekta ya Umma, kwa kifupi IPSAS. Kiwango cha 24, kwa mfano, kinaitaka taasisi inayotangaza bajeti yake kwa umma iweke bajeti na matumizi halisi pamoja, na ieleze tofauti kubwa zilitoka wapi. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha umoja huo uvitumie viwango hivi mwaka 2006. Anayevijua anatafutwa serikalini, kwenye ofisi za wakaguzi wakuu, kwenye mashirika ya kimataifa. Na wala si taaluma ya jana: chama cha wahasibu wa sekta ya umma cha Uingereza, CIPFA, kimekuwepo tangu 1885, na Kamati ya Hesabu za Serikali katika bunge la nchi hiyo iliundwa 1861.

Hapo bosi wako ana kaukweli kamoja, nisikufiche. Ukikaa nje ya biashara miaka mitano au sita, vitu fulani vitachakaa mikononi: kodi ya kampuni, hesabu za gharama za uzalishaji, kuunganisha hesabu za kampuni mama na tanzu zake. Ukitaka mlango ubaki wazi, saa za mafunzo ambazo bodi inakudai kila mwaka zitumie kwenye hayo, usizimalize kwenye semina za mambo unayoyafanya kila siku. Zaidi ya hapo, kurudi kunawezekana, na nimeona watu wakirudi wakiwa na cheo kikubwa kuliko walichoondoka nacho, kwa sababu walijifunza kuandika ripoti inayosomwa na mtu asiye mhasibu.

Sasa shirika la hisani, na yule mkurugenzi.

Lugha yetu ina neno amana. Mtu akikuachia kitu umtunzie, kinaweza kukaa kwako miaka, ukakilinda, ukakipangusa vumbi, na bado si chako. Uhasibu wote wa mashirika ya hisani umejengwa juu ya hilo neno. Fedha inayoingia ina aina zake. Kuna fedha huru, ambayo shirika linaweza kuitumia kwa kazi yake yoyote. Kuna fedha yenye masharti, aliyoitoa mtu kwa jambo alilolitaja: visima, karo, chanjo. Na kuna wakfu, ambao mtaji wake hauliwi, kinacholiwa ni mapato yake. Zote zinaweza kulala kwenye akaunti moja ya benki, na benki haizitofautishi. Mwenye kuzitofautisha ni wewe, kwenye leja yako. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa zaidi ya popote, kwa sababu fedha inaweza kuisha huku salio la benki linaonekana zuri.

Nikupe mfano wenye namba ndogo. Shirika lina 60 benki. Mkurugenzi anaona 60, anaona kuna nafasi ya kupumua. Mhasibu anafungua leja: visima bado vinadai 40 ambazo hazijatumika, shule 25, dawa 10. Jumla 75. Benki kuna 60. Maana yake shirika halina fedha huru hata moja, na 15 za watu zimeshaliwa na kitu kingine. Nani aliliwa, kati ya visima, shule na dawa? Kama leja haisemi, hakuna anayejua. Hesabu hiyo inachukua dakika tano, na inakuonyesha afya ya shirika kuliko vijitabu vya picha wanavyowapa wageni. Ukiipiga, kumbuka kuweka pembeni fedha ambazo wafadhili wanadaiwa kwa kazi iliyokwisha kufanyika, maana hizo zinapunguza pengo kihalali.

Hilo la mwisho ndilo linanirudisha kwa mkurugenzi wako. Wafadhili wengi, hasa serikali na mashirika makubwa, hawatoi fedha mbele. Unafanya kazi, unalipa, unapeleka ripoti, kisha wanakurejeshea. Shirika lazima libebe gharama hizo miezi miwili mitatu. Kama linazibeba kwa akiba yake, yaani fedha huru ambazo bodi imezitenga kwa ajili hiyo, basi "mradi mmoja ukikaukiwa tunaubeba" ni uendeshaji mzuri na inawezekana hicho ndicho alichokusudia, akakisema kwa lugha ya familia. Lakini kama anaubeba mradi wa shule kwa fedha za visima, bila mwenye visima kujua, huo ni uvunjaji wa amana hata kama anakusudia kurudisha.

Si jambo jipya. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1601, ambayo wanasheria wa hisani wanaitaja mpaka leo, kwa sababu mali zilizotolewa kwa maskini, kwa shule, kwa matengenezo ya madaraja zilikuwa zikigeuzwa matumizi. Ikaweka makamishna wa kuchunguza. Zaidi ya miaka 400 imepita, na swali ni lilelile: aliyetoa alisema hii ni ya nini?

Najua linavyouma kwa sababu nililifanya mimi. Nilikuwa na umri kama wako, mhasibu wa shirika ambalo sitalitaja. Mishahara ya mradi wa shule ilikuwa imekwama, walimu wana miezi miwili hawajalipwa, na mfadhili wao ametuhakikishia kwa simu kwamba fedha ziko njiani. Kwenye akaunti kulikuwa na fedha za visima. Mkurugenzi alikuwa mtu mwema, na mpaka leo nasema alikuwa mtu mwema. Akaniambia wiki mbili tu. Nikasaini. Fedha za shule zilikuja baada ya miezi minne, tena pungufu. Katikati hapo mashine ya kuchimba, tuliyokuwa tumeiweka oda, ilihitaji malipo ya awali, tukayakosa, ikaenda kwa wengine, na iliporudi mvua zilikuwa zimeshaanza, magari hayapiti. Visima vile havikuchimbwa mwaka ule. Wanakijiji walikuwa wameshasomba mawe ya kujengea, wameyapanga vizuri mahali kisima kingekuwa. Nilikwenda kuwaeleza. Hawakunitukana. Walinipa kiti nikae.

Mkaguzi wa nje alitupa hati yenye shaka, yaani hesabu zetu hazikuwa safi, na ilistahili. Nilikuwa sina karatasi: si barua kwa mfadhili wa visima kumwomba ridhaa, si uamuzi wa bodi, si tarehe ya kurudisha. Nilikuwa na maneno ya mtu mwema. Mfadhili yule alituambia baadaye kwamba tungemwandikia mapema angetukubalia sehemu ya fedha, au angetusogezea muda. Hatukumwuliza.

Kwa hiyo usimkatae mkurugenzi huyu kwa sababu ya sentensi moja, na usimkubali kwa sababu ya cheo. Mwandikie. Kitu kama hiki:

"Nashukuru sana kwa nafasi mliyonipa. Kabla sijajibu, naomba nisaidiwe mambo matatu ili nijipange vizuri kwa kazi. Naomba kuona taarifa za fedha zilizokaguliwa za miaka miwili iliyopita pamoja na barua ya mkaguzi kwa menejimenti. Naomba kujua salio la fedha zenye masharti kwa kila mradi mwishoni mwa mwezi uliopita na salio la benki la siku hiyo. Na kuhusu mlivyonieleza kwamba mradi mmoja huubeba mwingine, naomba kujua kama kuna sera ya bodi inayoongoza jambo hilo na kiasi cha akiba kinachotumika."

Usiogope kwamba utaonekana mkorofi. Taarifa zilizokaguliwa mashirika mengi huzitoa kwa yeyote anayeuliza. Salio la kila mradi wanaweza kusema ni la ndani, na hapo watakuwa na haki. Lakini mtu anayeajiri meneja wa fedha akiwa na vitabu safi atakukaribisha ukae na mhasibu aliyepo saa moja akuonyeshe. Anayekasirika amekujibu. Barua ya mkaguzi kwa menejimenti, ambamo anaorodhesha kasoro alizozikuta, isome kwa makini kuliko hati yenyewe ya ukaguzi: hati inaweza kuwa safi huku barua inasema kwa mwaka wa tatu mfululizo kwamba mikopo kati ya miradi haina idhini.

Uliza pia kwa nini aliyekutangulia aliondoka, na kama inawezekana zungumza naye.

Kuhusu mkataba wa miezi 18: hapo baba yako ana hoja, na ninamsalimu sana. Januari 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa halisimamii tena misaada hiyo. Wahasibu wazuri kabisa, wenye ripoti safi, waliondoka kazini pamoja na miradi yao. Hakuna uhodari wa leja unaoweza kumzuia mfadhili kubadili mawazo. Wewe una wadogo zako wawili shuleni. Mtu asiye na mzigo huo anaweza kubahatisha miezi 18. Wewe, ukienda huko, kile kinachozidi kwenye mshahara mpya kihesabu kwamba si chako, kiweke mpaka kitoshe karo ya mwaka mzima. Na ulizia mshahara wako unatoka kwenye mstari upi wa bajeti. Kama wote unalipwa na ruzuku moja, ikiisha umekwisha. Kama sehemu inatoka kwenye gharama za uendeshaji ambazo miradi yote inachangia, una pumzi zaidi. Wafadhili kwa miaka mingi wamekuwa wabahili na gharama hizo. Hata serikali ya Marekani, kwa mashirika yasiyo na kiwango cha gharama hizo kilichokubaliwa nayo, iliruhusu asilimia 10 tu ya gharama za moja kwa moja za mradi, ikapandisha hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Mhasibu wa shirika la hisani anatumia sehemu kubwa ya akili yake kutafuta nani atalipia umeme wa ofisi. Kazi hiyo ni ya heshima, naipenda, lakini ijue kabla hujaingia.

Baba anaposema serikali haifi, ni kweli. Ila ripoti ya mkaguzi wa ndani inaweza kufa, na hilo ndilo la kuchunguza upande ule wa pili.

Mkaguzi wa nje anakuja na kuondoka. Wewe utakuwa unakula mezani pamoja na unaowakagua. Azimio la Lima la mwaka 1977, ambalo ofisi za wakaguzi wakuu duniani wanaliheshimu kama msingi wao, linakiri wazi kwamba ukaguzi wa ndani uko chini ya mkuu wa taasisi, kisha linataka upewe uhuru kadiri inavyowezekana. Uhuru wako huko utakakokwenda utafika wapi? Uliza ripoti yako itakwenda kwa nani. Kama inaishia mezani kwa mkuu wa idara peke yake, naye ndiye anayekuandikia tathmini ya mwaka na ndiye anayeweza kukuhamisha, utajifunza kuandika ripoti laini, hata kama leo unaapa hutafanya hivyo. Kama kuna kamati ya ukaguzi, ina wajumbe kutoka nje ya idara, inakutana kweli, na inakuita ukae nayo bila mkuu wa idara chumbani, hapo una mgongo wa kuegemea. Uliza kamati ilikutana mara ngapi mwaka jana. Uliza mapendekezo ya mwaka juzi yametekelezwa mangapi. Waliokuita kwenye usaili wakijua majibu bila kutafuta faili, ni dalili njema sana.

Serikalini vilevile utakutana na utaratibu unaochosha: kibali juu ya kibali, faili inayolala, mfumo unaofungwa saa ambayo wewe una kazi. Vumilia mwaka wa kwanza na usome sheria ya fedha za umma na kanuni za manunuzi mpaka uzijue kwa vifungu. Mkaguzi anayesema "sidhani kama inaruhusiwa" anapuuzwa. Anayetaja kifungu anasikilizwa, hata akiwa mdogo kuliko wote chumbani.

Kote kuwili siku itafika utatakiwa kusaini usichokiamini. Unayo kinga yako kama mhasibu wa bodi: kanuni za kimataifa za maadili ya taaluma, zikiwemo taratibu zilizoanza kutumika Julai 15, 2017, zinakuelekeza hatua kwa hatua ufanye nini ukikuta sheria inavunjwa, uanze na nani ndani, na lini jambo linaruhusiwa kutoka nje. Zisome kabla ya siku hiyo. Siku yenyewe mikono hutetemeka na macho hayasomi.

Umeniuliza uende wapi. Nimesoma barua yako mara tatu. Unapoeleza kufunga mwezi, maneno ni makavu. Unapotaja cheo cha meneja, unakitaja na kukipita. Ulipofika kwenye makopo na vidonge ukaandika kama mtu anayesimulia harusi yake, na ukakumbuka hata mikono ya yule mzee. Hiyo ni kazi ya ukaguzi. Meneja wa fedha wa shirika dogo hapati Jumamosi na Jumapili ya kukaa na kadi za stoo. Anakimbizana na ripoti za wafadhili, bajeti za maombi mapya na simu za benki. Mkaguzi wa ndani analipwa kufanya kile ulichokifanya siku zile mbili, mwaka mzima, na kwenye idara ya umma makopo yale ni ya watu wengi zaidi.

Kwa hiyo mimi naegemea serikalini, ikiwa majibu kuhusu kamati ya ukaguzi yanaridhisha. Yasiporidhisha, na shirika likakuonyesha leja safi na akiba ya kweli, nenda kwenye shirika ukiwa na ile karo ya mwaka mmoja kichwani. Pande zote mbili zikijibu vibaya, bado una kazi unayoifanya vizuri, na hakuna aliyekufukuza.

Na ukienda serikalini usiyaache mashirika ya hisani. Kuna vikundi vidogo vingi vyenye mioyo mikubwa na madaftari mabovu, vinatafuta mweka hazina wa kujitolea mwenye kujua kutenganisha fedha huru na zenye masharti. Kama mwajiri wako anaruhusu, na kikundi hakipokei fedha kutoka idara unayoikagua, kipe jioni moja kwa wiki. Mwongozo wa kimataifa wa taarifa za fedha za mashirika yasiyo ya faida, ambao CIPFA na Humentum, shirika linalosaidia mashirika ya aina hiyo, walianza kuuandaa mwaka 2019 kwa jina la INPAG, uwe kitabu chako cha mezani.

Tuma ile barua pepe leo, usingoje Jumatatu. Siku ya leo piga simu idarani uulizie kamati. Majibu yakija, nitumie zile namba za miradi na salio la benki, majina ukiyafuta, tukae nazo pamoja kabla siku ya kujibu haijafika.